Paneli Zilizotazama Kusini

Kosa langu la kwanza katika kazi ya sola lilikuwa kuelekeza paneli kusini. Nililifanya kwa uangalifu mkubwa. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Niliisomea kwenye simu, kwa video za Mzungu mmoja mpole aliyesema kwa Kifaransa kwamba paneli itazame kusini na iinuke vizuri. Nikanunua dira. Nikaazima kipimapembe cha dada yangu cha shuleni, nikapanda juu ya nyumba ya mama mmoja jirani, na nikakaa huko asubuhi nzima mpaka akauliza kama ninafunga paneli au ninasali.

Mama huyo ni mke wa mwanajeshi wa base, kambi kubwa ya jeshi ya hapa Kamina, na mume wake alikuwa ametumwa mbali. Alitaka umeme kwa ajili ya konjelateri, yaani friza, ya kuwekea samaki wabichi wanaokuja kwa treni kutoka Bukama, kule mtoni. Avenyu yetu ilizoea samaki wa chumvi. Yeye alitaka kuwa wa kwanza kuuza wabichi, na watoto wake wangekula kutokana na biashara hiyo.

Yalikuwa majira ya mvua. Kila mvua ilipokatika, barafu iliganda vizuri kabisa. Sifa zangu zilifika sokoni. Mafundi wengine walikuja kuangalia pembe yangu, wakaiga. Kabla ya Pasaka avenyu nzima ilitazama kusini, safi, sawasawa, kama darasa lililokatazwa kugeuka. Tukasema maendeleo yamefika.

Kisha mvua ikaisha. Mbingu ikawa haina wingu, na konjelateri ikaanza kutoa maji. Nilifuta vumbi na majivu ya moto wa porini. Nilibadilisha nyaya ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Usingizi ukanipotea. Mwisho nikamlaumu mama mwenyewe.

"Mama, munafungua sana mulango ya konjelateri."

"Sasa samaki nitaitoa na wapi? Na dirisha?"

Wiki hiyo beseni zima la samaki likaoza. Nilimwona akiwamwagia bata wa jirani samaki hao.

Kesho yake saa sita mchana nilipanda tena, na kwa mara ya kwanza niliangalia jua badala ya dira. Lilikuwa upande wa kaskazini, nyuma ya paneli, likiigusa kwa shida. Mzungu wangu alikuwa anafundisha watu wa Ulaya, ambako jua hupita kusini mwaka mzima. Hapa kwetu, kiangazi jua huhamia kaskazini. Nilijua hilo tangu utotoni. Sikufikiri kwamba linahusu ufundi.

Nikaanza kulegeza bolti. Mama alikuwa chini, ameshika ngazi.

"Unafanya nini?"

"Antretien, Mama."

"Antretien ya kugeuza?"

Neno hilo la Kifaransa, yaani matengenezo ya kawaida, nilikuwa nimeliandaa vizuri, lakini halikufika mbali. Nikamweleza yote. Aliinua macho akaangalia jua.

"Kumbe minyi niko na jua ya Kamina, weye ukanifungia ya Ulaya."

"Njo vile, Mama."

"Na ile mulango?"

"Mulango haina shida."

"Sema na nguvu, majirani basikie."

Nikasema kwa nguvu. Akaniagiza nikarudie maneno hayohayo kila nyumba yenye paneli, na nikaenda.

Siku hizi paneli za avenyu yetu zinatazama kaskazini, zimeinuka kidogo tu juu ya mabati, ili jua la majira ya mvua, linalopita kusini, nalo lizifikie. Mama anauza samaki wabichi kiangazi na wakati wa mvua. Mteja akilalamika, ninapanda kuangalia kabla ya kumjibu.