Rambirambi za Mzee Ireri

Mkiniona nimejifunika leso hadi puani kila gari linapokaribia Runyenjes, msidhani ni vumbi wala baridi, ni aibu, na leo nitaieleza yote mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiihadithia vibaya sokoni (kuna mama mmoja wa viazi anayesema nilipigwa, mimi sikupigwa, ingawa ningepigwa ningeelewa).

Mimi huuza viatu vya mitumba mjini Meru, wengi mnanijua kwa jina la Mama Kendi, na ugonjwa wangu mkubwa ni nyimbo za zamani. Tuna grupu yetu ya simu, wapenzi wa nyimbo za zamani kutoka Meru na Embu, na kazi yetu ni kila mtu kuleta wimbo anaoupenda, aseme aliusikia wapi mara ya kwanza na nani alipiga gitaa, halafu wengine wampinge, maana kubishana ndiyo raha yenyewe. Mwenyekiti ni Mwalimu Mutuma, mstaafu ambaye hajui kutuma ujumbe mfupi, na mchokozi wetu ni Swaleh, mwenye buchari kule Majengo, ambaye hukata nyama huku simu ikiimba kando ya mizani. Mimi waliniita Maktaba. Mtu akituma wimbo ambao mwenyewe hajulikani, anaambiwa angoje Maktaba aamke, na jina hilo lilinipanda kichwani jamani, nilifika mahali pa kujibu hata nisichokijua.

Wimbo wangu kipenzi unaitwa "Mwavuli." Marehemu baba yangu alikuwa na kaseti yake, na kwenye kava kulikuwa na picha ya kijana aliyeshika gitaa na jina moja tu, Ireri, ambaye baba alisema ni mtu wa Runyenjes. Mwanamume kwenye wimbo ameachwa na mpenzi wake, lakini yule mwanamke amesahau mwavuli, basi kila asubuhi huyu bwana anatoka nje kuangalia mawingu, akiomba mvua inyeshe ili mwenye mwavuli arudi kuuchukua. Sauti yake inapanda taratibu mpaka na wewe unaangalia mawingu. Nimeutuma kwenye grupu mara nyingi hadi Swaleh akasema atamnunulia huyo mwanamke mwavuli mwingine ili na sisi tupumzike.

Sasa Jumanne moja asubuhi nilikuwa nikimvisha mteja kiatu (mguu mkubwa, kiatu kidogo, na mwenyewe anataka kiingie kwa lazima) nikasikia "Mwavuli" kwenye redio ya jirani yangu anayeuza mapazia. Wimbo ukashushwa sauti katikati, na mtangazaji akasema kwa Kimeru kwamba aliyeuimba ametuacha na atazikwa Jumamosi, halafu mteja akaanza kulalamika kuhusu kidole gumba na jina la marehemu likanipita hivi hivi. Ningeweza kumuuliza jirani, yuko pale pale, tunagusana viwiko, lakini nilijua huenda kuna mwenzetu mwingine anayesikiliza redio hiyo hiyo, na nisingekubali Maktaba aletewe habari ya Ireri na mtu mwingine. Nikamwacha mteja na mguu wake, nikaandika kwamba Ireri wa Runyenjes, mwimbaji wetu, ametutoka, na mazishi ni Jumamosi.

Swaleh akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu, "Swaleh, wewe uza nyama." Watu wakacheka, wakaweka alama za machozi, na mambo yakaanza kwenda kasi.

Mwalimu Mutuma aliandika wasifu mrefu wa marehemu ambaye hajawahi kumwona. Mwenzetu mmoja mwenye duka la kuchapisha akaitoa ile picha ya kava, akatengeneza tisheti nyeusi zenye uso wa Ireri na maneno "Lala salama, Mzee wetu." Tukachanga, tukakodi gari, tukanunua sukari, unga, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Na msiniulize kwa nini hakuna hata mmoja aliyepiga simu kwanza. Kwetu matanga hayana mwaliko, wala hakuna mtu mwenye akili timamu anayewapigia waliofiwa kuwauliza kama ni kweli wamefiwa. Unabeba sukari yako, unafika mahali, unauliza njia.

Runyenjes tuliuliza njia kwa vijana wa bodaboda. Wakatuangalia, wakaangalia vifua vyetu, na mmoja akauliza kwa Mzee Ireri kuna nini. Nikamhurumia moyoni, nikasema hawa watoto wa siku hizi hawajui hata msanii wao amekufa. Akatuonyesha njia ya mashamba ya kahawa, akabaki akikuna kichwa.

Tulipoingia kwenye boma, hakukuwa na hema, wala kiti, wala sufuria mekoni. Mama mzee alikuwa peke yake uani akianika maharagwe kwenye gunia. Hapo nikapandwa na hasira, nikawaambia wenzangu tazameni, hivi ndivyo wasanii wetu wanavyotupwa, siku ya mazishi yake hata jirani hajaja. Nikaenda mbio kwa yule mama (nilijua tu ni mkewe) nikamkumbatia kwa nguvu, nikaanza kulia kwenye bega lake.

"Pole sana, cucu," nikamwambia, kama mtu anavyomwita bibi yake. "Mzee amepumzika."

Akajitoa mikononi mwangu taratibu. "Mzee yupi?"

"Mzee wako. Mzee Ireri."

Aliangalia tisheti yangu, akaona ule uso, akaangalia kundi zima nyuma yangu na mifuko ya sukari, halafu akatoa ukelele uliofika hadi mashamba ya kahawa, akaanguka kwenye maharagwe. Mjue kwamba mumewe alikuwa ametoka asubuhi hiyo, mzima kabisa, amepanda bodaboda kupeleka kahawa kiwandani. Sisi tulidhani analia kwa uchungu wa msiba. Yeye alikuwa anaupata msiba wakati huo huo, kutoka kwangu.

Majirani wakatoka kila upande, wengine na majembe, mmoja na mtoto aliyepakwa sabuni kichwani, na kabla sijaelewa kitu boma lilikuwa limejaa vilio. Wanawake wakampepea cucu kwa leso. Wanaume wakauliza ajali imetokea wapi, na Mwalimu Mutuma akajibu kwa sauti ya hotuba kwamba hatuna habari ya ajali, sisi tunajua tu kwamba mzee alifariki mapema wiki hii. Mwanamume mmoja akasema, pole pole sana, "Mwalimu, mimi nimekunywa chai na huyo mzee leo asubuhi."

Swaleh akageuza kichwa akanitazama kama anavyotazama nyama ya juzi. Nikajaribu kufungua kinywa kueleza habari ya redio, na hapo hapo tukasikia pikipiki.

Mzee Ireri alishuka akiwa na gunia tupu begani. Mwembamba, kofia ya sufu, gambuti za mpira zenye matope. Aliona boma lake limejaa watu wanaolia, akaona mkewe amelala chini, akatupa gunia na kuja mbio akiuliza nani amekufa, ni mtoto gani, semeni ni nani. Watu walirudi nyuma wakimpisha, mwanamke mmoja akakimbilia nyuma ya choo, na mkewe alipofungua macho akamwona juu yake, alimshika uso kwa mikono miwili, akawa anaupapasa tu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo akatuona sisi. Alisogea mbele ya Swaleh, akasoma kifua chake herufi kwa herufi, akijitazama mwenyewe alivyokuwa kijana.

"Nani amesema nimekufa?"

Wenzangu wote wakanigeukia (urafiki wa nyimbo una mipaka yake). Nikapiga magoti pale kwenye maharagwe yaliyomwagika, nikamweleza redio, mteja, wimbo, kila kitu, nikilia machozi ya kweli sasa. Nilijua vizuri uzito wa nilichofanya, kwetu mtu mzima hatangaziwi kifo akiwa hai halafu mambo yaishe kwa kuombana radhi, na wazee wawili pale kando walikuwa tayari wanauliza kama tumekuja na mbuzi wa faini au tumekuja na mdomo tu.

Lakini Mzee Ireri hakuuliza habari ya mbuzi. Aliuliza wimbo gani.

Nikatoa simu, nikaupiga "Mwavuli." Gitaa likaanza, akatikisa kichwa, vidole vyake vikasogea kidogo kwenye suruali. Sauti ilipoingia, vidole vikasimama.

"Mwari," akasema, kama anayemwita binti yake, "zima hiyo."

Nikazima.

"Gitaa ndiyo yangu. Hiyo sauti si yangu, mimi sijawahi kuimba hata kanisani. Huyo ni Namu." Akakaa chini, kwenye gunia la maharagwe kando ya mkewe. "Unaniambia Namu amekufa?"

Sijawahi kushtuka vile, hata mzee aliposhuka kwenye pikipiki sikushtuka vile. Nilikuwa nimekuja kuwapa watu pole kwa msiba usiokuwepo, kumbe msiba ulikuwepo, na mwenyewe ndiye huyu, na sisi ndio tumemletea habari yake kwa tisheti na kelele. Alitueleza kwa maneno machache. Walicheza pamoja tangu ujana, Namu akiimba na yeye akipiga gitaa, na kaseti ilipotoka kava lilikuwa na picha yake na jina lake peke yake, kwa sababu wenye studio walimjua yeye. Namu alimwomba akadai lirekebishwe. Yeye akasema si kitu, watu watajua tu. Namu akahama, akaoa upande wa Meru, na hawakuzungumza tena. Mara ya mwisho alisikia anaishi Kanyakine.

Mimi nimezaliwa Kanyakine. Nimezeeka nikiwaeleza watu habari za wimbo ule, na mwimbaji wake alikuwa anaishi kwetu, na sikuwahi kumjua.

Swaleh akasogea kando akampigia mwenzake mwenye buchari Kanyakine. Haikuchukua hata muda wa kupima nyama. Akarudi akasema ni kweli, ni Mzee Namu, na anazikwa leo, watu wako kaburini saa hii tunavyoongea. Simu moja tu. Nilisimama pale nikiiangalia ile simu mkononi mwake na sikuwa na pa kuweka uso.

Mzee Ireri hata gambuti hakuvua. Mkewe, ambaye dakika chache nyuma nilikuwa nimemfanya mjane, ndiye aliyemletea koti na kumwambia aende upesi. Tulipanda gari na sukari yetu, tukageuza tisheti nje ndani ili uso usionekane, na kutoka Runyenjes hadi Kanyakine hakuna aliyethubutu kuomba wimbo.

Tulifika wakifungua kamba za hema. Mabinti wa marehemu walikuwa wanasuuza sufuria, na mashada ya maua yalikuwa yameshaanza kulegea kwa jua juu ya udongo mbichi. Binti mkubwa alitupokea kwa heshima, akasema mzee wao alikuwa mkulima mzuri na mtu wa kanisa, na kwamba wakati wa ibada hakuna aliyetaja nyimbo zake, ila wao walimpelekea mtangazaji kaseti ili angalau redioni atajwe. Atajwe kwa jina, alisema. Maneno hayo aliyasema kwa upole tu, hajui alivyonichoma.

Mzee Ireri alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi. Nilidhani atalia. Alizungumza kwa Kiembu, pole pole, na akarudia jambo moja mara kadhaa, kwamba jina lilikuwa lako, Namu, jina lilikuwa lako, nilikuja kukuambia na nimechelewa. Kisha akamwuliza yule binti ibada ilianza saa ngapi. Alipoambiwa, alihesabu kimoyomoyo, na nikaona kabisa alichokuwa anahesabu. Ningemuuliza jirani jina ile Jumanne, ningeona si la kwenye kava, ningemtafuta mwenye picha kumuuliza, na angekuwa amekaa kwenye hema na wenzake. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Jioni hiyo niliandika kwenye grupu ukweli wote, jina la Namu kwanza, na nikaliacha jina la Maktaba bila kusukumwa. Mbuzi nilimpeleka Runyenjes baadaye, nikiwa na Swaleh na wazee wawili wa kwetu, mkewe akanipikia chai na kunicheka mpaka akafuta machozi, ingawa niliona kila mumewe alipotoka nje alimfuata kwa macho mpaka aliporudi.

Tulipoaga, mzee alinisindikiza hadi langoni, akanishika mkono na hakuuachia.

"Mwari, siku yangu ikifika kweli, usiwe wa kwanza. Ngoja uambiwe."

Nikamwahidi nitangoja, na naapa mbele yenu, hata nikimwona ndani ya jeneza kwa macho yangu mwenyewe, nitamuuliza mkewe kwanza.