Neno Lililonishusha Garini

Siku moja kabla ya vita, Mama Halina alinigombeza kwa kumenya viazi vibaya. Nilikuwa nimepanga chumba kwake, Kharkiv, Ukraini, nikisomea udaktari. Mjane yule alikuwa na mdomo, nami sikuwa nyuma. Tulirushiana maneno kwa Kirusi, lugha pekee ya huko niliyoijua, kisha tukala.

Mabomu yalipoanza tulihamia chini ya jengo. Jirani alipopata petroli, Mama Halina alinisukuma garini kwake bila hata kuuliza kama kuna nafasi, naye akapanda.

Kwenye kizuizi askari kijana alichungulia ndani, akaninyooshea kidole.

"Rodina?"

Kwa Kirusi, hiyo ni nchi uliyozaliwa.

"Tanzania," nilijibu.

Akaniamuru nishuke. Mgeni asiye na mwenyewe alitiliwa shaka siku zile. Mtutu ulikuwa karibu na mbavu zangu.

Mama Halina akashuka.

"Umemuuliza Kiukraini, yeye kasikia Kirusi!" alimfokea. "Huyu ni wangu, mwanangu."

Tukaachiwa. Njiani akanieleza kwamba kwa Kiukraini neno lile ni familia. Warusi hukazia mwanzo, wao hukazia katikati, na kwa hofu sikusikia tofauti. Shina ni moja, kuzaa, kama sisi tunavyopata mzazi, mzaliwa na kizazi. Warusi wakaipa nchi neno hilo, Waukraini wakawaachia watu wa nyumbani. Nimelifikiria sana jambo hilo, na bado naona Waukraini walipatia, maana nchi haikushuka garini kunifuata.

Mpakani nilimbembeleza tuvuke sote. Alikataa, akarudi kwake.

Miaka imepita, sasa niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dubai, mtaa wa Al Barsha. Juzi jirani yule alinipigia simu. Kombora liliangukia jengo, na Mama Halina hakutoka.

Nilikwenda kwa meneja kuomba ruhusa.

"Ya msiba ni kwa mzazi tu," alisema. "Ni mama yako?"

"Ndiyo, sir."

"Pole. Khalas, nenda."

Nansubuga, mlinzi wetu Mganda, alinifuata mpaka nje.

"Dada, mama yako si jana tu mlikuwa mnaongea kwa simu?"

"Huyo ni wa Tanga," nilisema, na hapo ndipo nililia. "Aliyekufa ni wa Kharkiv."