Tabitha wa Kiwanda cha Alizeti

Akili bado haijakubali. Jana tumemzika Tabitha kwao Mvumi, na leo saa ya chai nimejikuta namwachia nafasi kwenye benchi.

Kwa msiomjua: alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi, kiwanda cha mafuta ya alizeti, hapa Dodoma. Figo zilimsumbua muda mrefu. Kazini alikuwa anasema ni uchovu tu.

Alipoanza, wengi wetu tulikuwa vibarua. Unafika getini asubuhi, ukichaguliwa unaingia, usipochaguliwa unarudi nyumbani Ipagala kwa miguu.

Alisumbuana na HR mpaka tukaanza kupewa contract. Mimi niliyekuwa naogopa hata kuugua, nikapata likizo ya uzazi.

Halafu bosi wetu, Mzee Karim, akaleta mashine ya kufungasha. Alimwambia Tabitha wazi kwamba watu wa contract ni gharama, hawezi kubaki nao na vibarua pia. Vibarua ambao contract ilikuwa haijawafikia wakaambiwa wasirudi.

Anjela, mdogo wake Tabitha wa tumbo moja, alikuwa mmoja wao.

Tulimsihi Tabitha amwombee kwa Mzee Karim. Alikataa. Alisema akimwombea ndugu yake, hatakuwa tena na mdomo wa kumtetea mtu mwingine.

Anjela akaacha kuongea naye. Mtaani wakasema chama kimewakosesha watu kazi. Tabitha hakubisha. Aliniambia, "Kuna ukweli hapo. Sisi tumepata, wao wamekosa. Usiniambie nifurahi tu."

Mafuta ya nje yalipojaa madukani kwa bei ya chini, Mzee Karim akataka kupunguza watu tena. Tabitha akatukusanya uani, akatuomba tufanye kazi siku chache kwa wiki, sote, mshahara upungue, mradi asitoke mtu. Alizomewa. Tukapiga kura, ikapita kwa shida.

Msimu ule tulikula kwa kubana. Lakini kiwanda hakikufungwa, na hakuna aliyetoka.

Jana msibani, Anjela ndiye aliyemvalisha dada yake. Baadaye wenzetu wawili wa kazini wakaanza kubishana kama chama kilitusaidia au kilituponza. Anjela alikuwa anapita na sufuria ya wali. Akasimama.

"Mtabishana kesho," aliwaambia. "Leo ni dada yangu."

Tabitha, ulibeba lawama za watu wengi na hukumsukumia mwenzio hata moja. Sasa hakuna atakayekugongea mlango kwa shida za kazi. Lala, rafiki yangu. Lala mpaka uchovu uishe.