Brashi Hakuiamini Dripu

Asubuhi na mapema, fundi rangi anayeitwa Brashi anakoroga rangi nyeupe kwenye ndoo. Anapaka pale mkono unapofika tu. Akichoka, anaketi kwenye ndoo tupu iliyopinduliwa.

"Kule juu wanapaka wenzangu," anasema. "Mimi siku hizi fundi wa chini."

Mwaka jana macho yake yalipogeuka manjano, mafundi wenzake walimtania kwamba amejirushia rangi. Mkewe hakucheka. Alidhani mumewe amerudia pombe, akawa anamnusa mdomo kila akiingia ndani.

"Nilinusa weee, sikukuta kitu," anasema mama huyo. "Hapo ndipo nilipoogopa."

Hospitali walimkuta na saratani kwenye mirija ya nyongo. Uvimbe ulikuwa umeung'ang'ania mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini. Daktari akashauri aanze na dripu za dawa ili uvimbe usinyae, kisha ndipo apasuliwe.

Brashi hakukubali kirahisi. "Nilijua wananizungusha. Mtu akishakukatia tamaa hakwambii, anakutundikia dripu utulie. Halafu mke wangu namwona koridoni ananong'ona na daktari. Nikasema, hawa wana lao jambo."

Baada ya dripu ya pili, huku akitapika na vidole vikimfa ganzi, alichukua picha zake za vipimo kimyakimya, akaenda hospitali nyingine. Hakusema katoka wapi. Daktari wa huko akamwambia yaleyale: dripu kwanza, kisu baadaye.

"Nikamuuliza, 'Mmepigiana simu?'"

Alirudi nyumbani na hasira zake. "Mlikuwa mnanong'ona nini wewe na daktari?" akamuuliza mkewe.

Mkewe akaangua kilio. "Nilimuuliza kama naweza kukatwa ini nikupe wewe, baba watoto. Akasema kwa sasa haiwezekani. Ningekwambia nini?"

Siku ya dripu iliyofuata, Brashi alikuwa wa kwanza kwenye benchi.

Picha mpya zikaonyesha uvimbe umesinyaa na kuuachia mshipa. Kabla ya kufurahi, alisoma kwanza jina kwenye picha, ahakikishe ni lake.

Wiki ijayo anapasuliwa. Daktari hajamwahidi kupona, na Brashi anasema ndiyo maana ameanza kumwamini, kidogo.

"Wakisema wameutoa, waulete niuone," anasema. "Na mama watoto awepo. Tuuone wote."