Mguu Chini ya Kitenge

Ukitaka kujua mgongo wa Andongwisye una nini, muulize mwenyewe, ila kwanza tafuta kiti. Mimi shamba langu la kahawa hapa kijijini Ruanda linapakana na lake, na mgongo wake naufahamu kuliko wa mke wangu.

Alikuja huku kijana, Mndali kutoka Ileje, na alichojulikana nacho ni kubeba. Gunia la kahawa ambalo sisi Wanyiha tulilifunga kwenye baiskeli, yeye alilitupa mgongoni akapanda nalo mlima huku anapiga mluzi. Tulimsifia sana, na sifa nazo ni mzigo.

Mgongo ulipogoma akameza vidonge vya kila rangi. Akanunua mkanda wa mgongo Tunduma kwa Mzambia aliyeapa kwa jina la mama yake. Akalala wiki nzima, akaamka amekakamaa kama mlango wenye kutu. Hospitali Mbeya wakampiga picha, wakamwambia diski ya uti wa mgongo imetokeza, na bahasha ya ile picha akawa anatembea nayo mpaka kanisani.

Halafu Mungu akampa mkamwana. Mwanawe Yesaya alioa binti wa Kinamwanga kutoka Tunduma, anaitwa Judith, na kazi yake ni mazoezi ya tiba. Migongo, magoti, watu waliopooza, ndiyo kazi yake hiyo. Watu wanavuka mpaka kumfuata. Mwingine angechinja ng'ombe. Andongwisye alinuna.

Kwa ukoo wao, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Huyu akiingia, yule anatoka. Wakikutana njiani, binti anajitupa kwenye migomba. Mkono tu hawashikani, sembuse mgongo. Wengi wameshaacha, hata kaka yake ameacha. Yeye mzee wa kanisa ndiye kang'ang'ania, na ukimuuliza anakujibu, "Rabson, wewe Mnyiha utaelewa nini."

Basi mimi nikawa tarishi. Judith akija kusalimia anakaa jikoni na mama mkwe wake, Enesi. Mgonjwa yuko sebuleni. Mimi natembea uani.

Judith ni msomaji. Kwenye simu yake kuna zile ripoti ambazo wataalamu wanakusanya tafiti za nchi nyingi, wanazichuja, wanasema ipi ya kweli na ipi porojo. Akanisomea. Vile vidonge, kwa mgongo wa namna ile, msaada wake mdogo. Mkanda, ushahidi hautoshi. Kulala, aache. Hata picha, kuna watu hawaumwi popote na ukiwapiga picha diski zimetokeza vilevile. Kinachosaidia, tena si kimiujiza, ni kutembea na mazoezi, akiwepo mtu wa kumsimamia.

Nikavusha ujumbe.

"Kwa hiyo wamesoma nchi zote hizo ili waje waniambie nisimame?"

"Na mkanda uvue."

"Na picha yangu?"

"Hata mimi nikipigwa huenda diski yangu imetokeza."

Hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Yakaja mazoezi. Judith ananilaza kwenye mkeka jikoni, ananikunja, ananinyoosha. Nakwenda sebuleni, nalala sakafuni, naonyesha. Andongwisye yuko kwenye kiti anatafuna karanga. "Vizuri," anasema. "Hebu rudia." Tukaenda hivyo mpaka mahindi yakakomaa, na mgongo wangu, uliokuwa unalalamika kila msimu wa palizi, ukanyamaza kabisa.

"Anaendeleaje, baba Lucky?" Judith akaniuliza.

"Nalala usingizi mzuri sana."

"Namuuliza baba."

"Baba anaendelea na karanga."

Akashika kichwa. Nikamwuliza kama kwenye ripoti zake hakuna habari ya kutibu kwa kumtuma mtu. "Kwa simu ya video ipo, na wengine wanapata nafuu," akasema. "Ya kumtuma jirani sijaiona." Nikapeleka hiyo ya video. Jibu likarudi: uso ni uso, hata ukiwa kwenye simu.

Tulipoanza kuchuma kahawa, Enesi akaja na neno jingine. Mzee anaacha ndala njiani. Ya kulia. Mguu unakwenda, ndala inabaki, na yeye hana habari.

Judith aliacha kucheka. "Baba Lucky, kamuulize kama haja ndogo inatoka vizuri. Na akikaa, kama anasikia makalio. Mimi hilo siwezi kumtumia baba kwa jina langu."

Nikaenda.

"Ameuliza yeye?"

"Nauliza mimi."

"Tangu lini una shida na mkojo wangu?"

"Jibu, Ando."

"Unatoka. Na makalio yapo, nimeyakalia."

Nilipofikisha hayo Judith alishusha pumzi, lakini kidogo tu; hayo mawili yangeharibika, angepelekwa hospitali usiku uleule. Akasema lazima aupime mguu kwa mikono yake. Kama mshipa wa fahamu unabanwa na mguu umeanza kulegea, kila siku anayokaa pale anacheza kamari, mwisho ataburuta huo mguu mpaka kaburini. Nikampelekea yote, na yangu nikaongeza.

"Utaingia mbinguni unachechemea, umekumbatia mila."

"Mila si zangu. Nimekabidhiwa."

Ningemnyanyua na kiti chake nikamtupe uani. Enesi akaingia kati. Alichukua kitenge, akakitundika kwenye mlango wa sebule kikabaki kimeachia chini nafasi ya kutosha kupita paka, akamwambia mumewe, "Toa mguu. Mguu hauna uso."

Mzee aliwaza mpaka kuku wakaingia jikoni. Halafu, polepole, mguu wa kulia ukatokea chini ya kitenge. Judith akapiga magoti uani, akaweka kidole chake juu ya kidole gumba cha mzee.

"Mwambie avute kidole juu."

"Vuta kidole juu."

"Nimevuta."

Kidole kimelala.

"Mwambie avute kwa nguvu."

"Kwa nguvu, Ando."

"Nimevuta, mnataka king'oke?"

Tulitazamana. Huko ndani alikuwa na uhakika kidole kimesimama kama askari. Huku nje hakijatikisika. Judith akanisahau, na mwiko akausahau.

"Baba," akasema, "hakijasogea."

"Rabson, anasema nini?" akauliza kutoka ndani.

"Umesikia."

Pindo la kitenge likainuka kiasi cha jicho moja. Judith akainamisha kichwa. Mzee alikitazama kidole chake muda mrefu, kama mtu anayemtazama ng'ombe wake kwenye zizi la jirani.

"Kumbe," akasema.

Kesho yake Yesaya alitupeleka Mbeya. Judith mbele, sisi nyuma, na kitenge kilekile kimefungwa katikati.

"Muulize," Andongwisye akaniambia, "hizo ripoti zinasemaje kuhusu kisu."

Sijafungua mdomo, kitenge kikajibu. "Wengi wanapona bila kisu, baba. Ila mguu ukilegea, daktari lazima auone mapema. Sisi tumechelewa."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. Nilikuwa nimechoka, kazi yangu ya utarishi iliishia hapo.

Tulipofika Mbalizi, gari likaruka tuta, mzee akauma meno, akageuza uso.

"Nimesikia," akaliambia dirisha.