Verediana na neno lililompeleka Babu Hawaii

Saa mbili asubuhi, theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni hapa Bloomington, kando ya Minneapolis. Verediana Mallya anamchana nywele mzee Arvid Lindgren, mwenye miaka themanini na minane. Mzee anageuka na kuuliza swali lake la kila siku: mke wangu Marlys yuko wapi?

Marlys alifariki miaka mitatu iliyopita, na mzee alikuwepo mazishini. Lakini ugonjwa wa kusahau hauna adabu, unamfutia mtu hata msiba wake.

Verediana, 46, mzaliwa wa Kirua Vunjo mkoani Kilimanjaro, anamtunza mzee huyu mwaka wa tano sasa. Humwita Babu. Siku tatu za wiki, akitoka hapa, anaingia zamu nyingine katika nyumba ya wazee huko Apple Valley. "Miguu yangu inaijua ratiba kuliko mimi," anasema huku akicheka.

Kicheko kinakatika akianza kueleza kosa lake.

"Kwetu humwambii mzee kavukavu kwamba mkeo amekufa. Tunasema ametangulia. Basi nami nikamtafsiria Babu neno kwa neno, kwa Kiingereza, kwamba Marlys katangulia mbele."

Masikini, Kiingereza hakikuibeba heshima ile. Babu alielewa kwamba mkewe yuko safarini na anamsubiri. Kesho yake Verediana alimkuta mlangoni na begi, kofia ya ukili kichwani. Alikuwa anakwenda Hawaii, kwenye kisiwa cha volkeno walichokizunguka kwa gari siku nzima wakati wa fungate yao.

"Niliona aibu, kaka yangu," ananiambia. "Nimemdanganya mtu mzima bila kukusudia."

Begi lilikaa mlangoni wiki tatu, na chakula Babu alikigusa kwa shida. Ndipo binti yake, Kristin, akaamua waende, na Verediana awe dereva, kwa kuwa Babu hakumkubali mwingine. Hiyo ilikuwa Februari mwaka jana.

Kisiwani waliondoka upande wa mashariki mvua ikinyesha, kando ya barabara kumejaa mikangaga mirefu kama migomba. Juu kwenye volkeno walikuta mvuke ukifuka ardhini.

"Mimi nimezaliwa chini ya Kibo, nao ni mlima wa moto. Ila wa kwetu umelala, ule unapumua. Nilipunguza mwendo bila kuambiwa."

Kusini kote nchi ilikuwa nyeusi tii, mawe yaliyoungua hadi baharini. Kila waliposimama, Babu alishuka, akaangaza huku na huku, akauliza. Kila mara Verediana akajibu vilevile, kwamba katangulia.

"Nilikuwa naogopa barabara iishe. Tukifika mwisho na mtu hayupo, ningemwambia nini?"

Jioni walifika pwani ya magharibi. Babu alikaa juu ya jiwe akayatazama maji kwa muda mrefu. "Hayupo, siyo?" akauliza.

Verediana alipiga magoti mbele yake. "Nikamwambia, Babu, Marlys alikufa. Nililitamka neno lenyewe. Akalia, tukalia wote. Kisha akaniuliza kama tulimzika vizuri. Nikamwambia ndiyo, mimi mwenyewe nilimvalisha gauni lake la bluu. Akanishukuru."

Ndege ilipotua Minneapolis, alikuwa ameshasahau yote.

Wapo wenzake kazini wanaomshauri ambadilishie mzee mazungumzo akiuliza. Verediana hataki. Asubuhi hii anaweka kitana mezani, anapiga magoti na kumweleza waziwazi. Mzee anatikisa kichwa, machozi yanamtoka kidogo, halafu anaomba chai.

Namuuliza anatamani nini katika kazi hii. Anamimina chai kwanza, anaipuliza ipoe.

"Watu wanadhani naomba Babu aache kuuliza. Hapana. Naomba aulize hivihivi mpaka siku yake ifike. Asubuhi atakayoacha kuuliza, ndipo Marlys atakuwa amekufa kweli."