Taa za Tegesha

Kwa miaka sita Ester Machage alimgeuza mumewe kitandani kama mahindi yaliyoanikwa: asubuhi upande huu, jioni upande ule. Nikodemo aliharibu mapafu akisaga mawe ya dhahabu kwenye karasha. Sasa karasha zilezile zilikuwa hatua arobaini kutoka dirishani, zikisaga usiku umeme unapopata nguvu, na vumbi lake lilimfuata hadi kwenye mto. Ester alikuwa na ombi moja tu: zihamishwe kabla mumewe hajafa.

Ndipo akaja mtaalamu kijana wa mazingira, Faridu. Alimwamkia mgonjwa shikamoo, kisha akamweleza Ester kwamba vifaa vya kupimia hewa hakuwa navyo. Angetumia picha ambazo setilaiti hupiga usiku.

"Mama, tunajua taa zenu zinavyoonekana hewa ikiwa safi. Vumbi likitanda, zinafifia. Zikififia sana, ujue vumbi ni zito. Nipeni wiki mbili, msibadilishe chochote."

Ester akayapeleka maneno hayo nyumba kwa nyumba. Lakini kijijini Kerende huwezi kuwaambia watu kuna kitu kinahesabiwa, wakakaa mikono mitupu. Tegesha wanaijua: wakisikia watathmini wa fidia ya mgodi wanakuja, kibanda kinasimama usiku mmoja, na migomba inachomekwa hata isiyo na mizizi.

"Shemeji," alisema Simon, mdogo wake Nikodemo, akiwa juu ya ngazi na waya begani, "setilaiti inahesabu taa. Taa ni nyumba, nyumba ni fidia. Wewe umesoma, ila njaa hujaisomea."

"Amesema tusibadilishe. Kaka yako anakufa, Simon."

"Na akifa tutamzika na nini? Na picha?"

Waliomshikia ngazi wakacheka.

Kwa wiki mbili Kerende iling'aa kama ukumbi wa harusi. Balbu chooni, balbu kwenye mazizi, balbu kwenye migomba. Simon alifunga nne juu ya paa la kaka yake. Ester akazifungua, Simon akazirudisha.

Majibu yalikuja kwa barua, yakasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mwanga wa usiku haukufifia hata kidogo, tena uliongezeka. Kwa hiyo hewa ya Kerende ilikadiriwa kuwa safi, na karasha zingebaki zilipo. Fidia haikutajwa popote.

Ester akasimama kueleza habari za balbu. Mwenyekiti akauliza waliozifunga ni akina nani. Mkutano mzima ukatazama chini.

"Mimi nilimwona shemeji," alisema Simon taratibu. "Alikuwa na nne juu ya paa lake."

Mwenyekiti akafunga daftari. Njiani kurudi, wanawake aliochota nao maji miaka yote walimpita bila salamu.

Nikodemo alikuwa macho. "Wanahamisha lini?"

Ester alimgeuza kwanza, akamweka sawa mto.

"Wamesema hewa ni safi."

Nikodemo akavuta pumzi kiasi alichoweza. "Basi funga dirisha," alisema, "nisije nikawachafulia."